Kibali cha bwawa la kuogelea nyumbani: mlango wa kwanza ni upi? (Madale, Dar)

BibiMadale:

Habari za humu wanangu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mstaafu, nilikuwa muuguzi. Nyumba yangu ipo Madale, nimeishi hapa tangu vumbi la barabara lilipokuwa likitua mpaka kwenye sahani ya wali. Nyumba ilijengwa kwa kibali, hati ninayo, kodi ya pango la ardhi nalipa kila mwaka, na ile ya majengo nakatwa kwenye umeme wa LUKU kama kila mtu. Sasa wanangu wawili walio nje wamechanga pesa, wanataka nijengewe bwawa la kuogelea ili wakija Desemba wajukuu wasishinde wameinamia simu. Mimi mwenyewe magoti yananisumbua na nimeshauriwa kutembea ndani ya maji, kwa hiyo sijakataa.

Tunafikiria mita 8 kwa 4, upande mmoja kina mita 1.1, upande wa pili 1.8. Kiwanja changu kinateremka kwa nyuma, na nje ya ukuta wa nyuma kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, masika linanguruma usiku kucha. Wanangu wanalitaka bwawa huko huko nyuma kwa sababu ya mandhari. Mmoja keshanitumia picha ya hoteli ya Zanzibar, bwawa limekaa kama linamwagikia baharini. Nikamwambia baharini kwetu ni mbali, huku tutamwagikia kwa mama Upendo.

Kinachonichosha ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Fundi aliyenijengea ukuta anasema bwawa ni shimo, na shimo halina kibali, mbona wanaochimba karo la choo hawaombi. Jirani ambaye bwawa analo anasema yeye alimwona mtendaji wa mtaa "wakaelewana". Shemeji yangu naye kanitajia manispaa, NEMC (wale wa mazingira), Bodi ya Maji ya Bonde, zimamoto, mpaka nikaona bora nikanunue beseni kubwa.

Naomba kuelezwa: kibali kinahitajika au hakihitajiki? Nikianza, nianze kugonga mlango gani? Maji nitayatoa wapi, maana ya bomba ni ya mgao na kisima changu kirefu kina chumvi? Na hayo maji yakichafuka yanaenda wapi? Ningependa kumsikia aliyefanya. Waliosikia wapo wengi hapa mtaani.

---

Kichwa_Ngumu:

Shikamoo bibi. Hapo ni ndani ya geti lako, nani atakuona? Anza kuchimba Ijumaa jioni, Jumatatu zege limeshamwagwa. Mtendaji akija mpe taulo.

---

NondoNaZege:

Bibi shikamoo. Huyo wa taulo mwache kwanza.

Mimi ni mhandisi wa miundo, mabwawa ya nyumbani nimeyasimamia kadhaa kuanzia Mbezi Beach mpaka Bunju, na Kigamboni pia. Nitaanza na hoja ya fundi wako kwa sababu ndiyo ninayoisikia kila saiti. Chukua michoro ya nyumba yako iliyogongwa muhuri, ifungue. Karo na shimo la kunyonya maji vimechorwa mle ndani. Havikuombewa kibali peke yake kwa sababu viliingia pamoja na nyumba. Bwawa lako halimo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaposema uendelezaji haizungumzii kuta na paa tu, inagusa kazi za ujenzi juu ya ardhi na chini yake. Bwawa la zege lenye nondo, pampu na umeme ni ujenzi. Kwa hiyo ndiyo, kibali kinahitajika, na wewe utaomba kama nyongeza kwenye kiwanja chenye nyumba tayari.

Kibali kinatoka halmashauri ya manispaa yako. Mtendaji wa mtaa ni mlango wa heshima. Mjulishe, tena mapema, maana tipa za udongo zikianza kupita ndiye atakayepigiwa simu na majirani. Lakini hana mamlaka ya kukupa kibali cha ujenzi, na "kuelewana" hakuna muhuri. Siku jirani yako akitaka kuuza ile nyumba, au bwawa likipasua ukuta wa mtu, atatafuta karatasi asiione. Mtendaji mwenyewe atakuwa keshahamishiwa kata nyingine.

Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, malipo ni kwa kontroli namba. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi ujue umepotea njia. Andaa hati, stakabadhi ya kodi ya ardhi ya mwaka huu, na michoro. Kwenye michoro ndipo watu wengi wanapokwama. Wanapeleka picha nzuri ya rangi, maji ya bluu na mnazi pembeni, halafu wanashangaa kurudishiwa. Mkaguzi anataka ramani ya kiwanja ikionyesha mipaka, nyumba, karo, kisima na bwawa, na umbali kati ya kimoja na kingine. Anataka mkato wa bwawa kuonyesha kina, unene wa zege na nondo. Anataka kuona maji yanakotoka na yanakokwenda. Mchoraji awe amesajiliwa na Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mchoro wa nondo usainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB. Mkandarasi naye awe na usajili wa bodi ya makandarasi, CRB, na bango likae getini siku zote za kazi. Bango hilo watu wanaliona kama pambo, lakini gari la ukaguzi likipita ndilo linaloangaliwa kwanza.

NEMC kwa bwawa la familia sijawahi kumpeleka mteja. Ukianza kuuza tiketi wikiendi hilo ni jambo jingine, kiwanja chako ni cha makazi na hapo unabadilisha matumizi. Zimamoto wasikutie hofu. Siku moja watakuja kukuomba maji.

Sasa tuje kwenye korongo, maana bibi umelitaja kwa kupita lakini ndilo litakaloamua kila kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kama korongo lenu limeingia kwenye ramani ya mipango miji kama mkondo wa mto, mita 60 zinakuhusu. Usilipime kwa macho ya Januari ukaliona kavu. Nenda idara ya mipango miji, ulizia mchoro wa eneo lenu, uone limeandikwaje. Nimewaona watu wamemaliza bwawa na vigae vimewekwa, halafu inakuja alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Pa kuanzia pako ni hapo, kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi.

Na tuseme korongo halina tatizo la kisheria. Bado lina tatizo la maji. Bwawa lako la mita 8 kwa 4, zege la sentimita 20 sakafuni na ukutani, lina uzito wa tani kama 35 likiwa tupu. Maji ya ardhini yakipanda mita moja tu kupita kitako chake, yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani kama 37. Maana yake masika, ukilimwaga ulisafishe, linaweza kunyanyuka kutoka ardhini. Limejaa haliwezi, maji ya ndani yanalikandamiza. Hili halihitaji utabiri. Chimba shimo la majaribio hapo unapotaka bwawa, lishuke zaidi ya kina cha bwawa, uliangalie mwezi wa nne au wa tano. Ukiona maji yanasimama ndani, mhandisi wako ataongeza unene wa sakafu au ataweka vali ya sakafuni inayofunguka maji ya chini yakizidi nguvu, pamoja na mabomba ya kuyapeleka pembeni. Hayo yote lazima yawe kwenye mchoro wa kibali. Yakigunduliwa fundi akiwa tayari shimoni, gharama yake ni nyingine kabisa.

---

Mama Twins:

NondoNaZege asante, mimi sijui hata kama nitajenga lakini nimesoma neno kwa neno. Swali dogo: vipi ya faiba? Yale yanayoletwa kwenye lori yameshatengenezwa, unachimba unalidumbukiza. Hilo nalo lina kibali?

---

NondoNaZege:

Dada, kibali ni kile kile, unachimba na unaweka kitu cha kudumu. Na la faiba ni jepesi, kwa hiyo hadithi ya kunyanyuka inalihusu zaidi kuliko la zege. Kwa kiwanja cha mabondeni mimi ningelikwepa.

Bibi, nilisahau maji. Kwa vipimo vyako bwawa linameza lita 46,000 na ushee. Ni maboza matano ya lita 10,000. Ukishajaza mara moja hulijazi upya kila mwezi, unachuja na kutia dawa. Kinachopungua ni maji ya kuongezea. Jua la Dar linakula milimita 4 au 5 kwa siku, yaani lita 130 hadi 160 kwa bwawa la ukubwa huo, bila kuhesabu wajukuu wanaoruka. Kisima chako kirefu kama kina kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, angalia umeruhusiwa kiasi gani. Kama hakina, hilo lishughulikie sambamba, maana kisima kitaonekana kwenye ramani ya kiwanja na utaulizwa. Chumvi ya kisima haiwadhuru waogeleaji, inachokula ni pampu na vyuma. Peleka sampuli maabara, waambie wapime na madini ya chuma. Maji yenye chuma ukiyatia klorini yanageuka rangi ya chai.

Maji ya kuoshea chujio usiyaelekeze kwenye karo. Klorini inaua bakteria wanaokufanyia kazi mle, na wingi wa maji unasukuma uchafu kabla haujatulia. Chora shimo lake la kunyonya, mbali na kisima na mbali na msingi. Korongoni usiyaachie, hata usiku.

Afisa afya naye ana lake moja tu: mbu. Aedes wa dengi hawahitaji bwawa zima, wanataka maji yaliyotulia, na Dar dengi tumeiona mwaka 2014 na 2019. Akikuuliza utalitunzaje, mwonyeshe pampu na chujio kwenye mchoro.

---

Kichwa_Ngumu:

Sawa nimekaa kimya, nasoma. Ila injinia, hizo gharama za karatasi si zinalingana na bwawa lenyewe?

---

NondoNaZege:

Hata kidogo. Mchoro na saini ni pesa ndogo ukilinganisha na zege, pampu na vigae. Kilicho ghali ni kubomoa.

---

Mzaramo_Perth:

Shikamoo bibi. Mimi niko Perth, Australia, nyumbani Kigamboni. Nakuandikia kwa sababu ya wajukuu.

Huku Australia Magharibi, maji ya kuogelea yakizidi kina cha sentimita 30 unahitaji kibali na uzio. Hata lile la upepo la dukani, ukilijaza kupita hapo linahesabiwa. Uzio uwe na urefu wa mita 1.2 kwenda juu, nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite, geti lijifunge lenyewe na lifunguke kuelekea nje, yaani mtoto akilisukuma kwenda bwawani linagoma. Kiti au chungu cha maua hakikai karibu na uzio, watoto wanapanda. Halafu halmashauri wanakuja kukagua angalau mara moja kila miaka minne, hata kama bwawa ni lako la miaka mingi. Mara ya kwanza mkaguzi alipokuja kwangu nikadhani amekosa kazi. Alipiga magoti akapima nafasi ya chini ya geti kwa kipimo chake.

Huko nyumbani sijaona mtu akilazimishwa hivyo kwa bwawa la familia. Ukuta wa kiwanja tunauona unatosha, lakini ule unazuia mwizi. Mtoto wa miaka miwili anatokea ndani, mlango wa jikoni. Bibi mwambie mchoraji auweke uzio kwenye michoro tangu mwanzo, usije kuwa kitu cha "tutaongeza baadaye".

---

BibiMadale:

Wanangu nimewasoma nyote, Mungu awape afya.

Mzaramo, la geti umenigusa. Nimefanya kazi wodi ya watoto, sihitaji kuelezwa zaidi. Uzio utakuwepo, na kitasa nitakiweka mwenyewe juu ninapofika kwa kunyoosha mkono.

Nimekwenda mipango miji. Nilimkuta binti mmoja mpole, akanifungulia mchoro wa eneo. Korongo limechorwa mkondo wa mto, na mita 60 zimepigwa mstari pande zote mbili. Nikarudi nyumbani, nikamwita kijana wa jirani tukavuta futi ya mkanda. Kutoka ukingo mpaka ukuta wangu wa nyuma ni mita 38. Mpaka kibarazani ni mita 66. Kwa hiyo ule uwanja wote wa nyuma wanaoutaka wanangu umeliwa na mstari, zimebaki mita 6 tu kutoka mstari mpaka kibaraza. Nimewatumia sauti kuwaeleza. Yule wa picha ya hoteli hajajibu mpaka sasa, ameweka alama ya kuona tu.

Injinia, mita 6 bwawa linaingia? Ubavuni mwa nyumba kuna nafasi lakini upande mmoja ni karo, upande mwingine wanaegesha gari. Jingine, mimi mita 1.8 siihitaji. Urefu wangu mwenyewe haufiki huko.

---

NondoNaZege:

Linaingia, ila si lile la mwanzo. La upana wa mita 4 kwa nje linakuwa 4.4, linakuachia mita 1.6, na humo bado hujaweka njia ya kupita, uzio, wala bomba. Na mstari usiuguse. Futi ya mkanda kwenye mteremko inadanganya kidogo, mita 60 zinapimwa kwa usawa, kwa hiyo mlete mpimaji aweke vigingi kabla ya mchoraji kuanza.

Ningekuwa wewe ningeshuka hadi mita 7 kwa 3, kina mita 1.1 mpaka 1.5. Kwa magoti na wajukuu inatosha, na maji yanapungua hadi lita elfu 27 hivi. Kwa nje upana unakuwa 3.4, unabaki na mita 2.6 za kugawana kati ya kibaraza na uzio wa chini.

Upande wa kibaraza kuna kanuni ya kushika: kadiri shimo linavyoshuka chini ya kitako cha msingi wa nyumba, ndivyo unavyosogea mbali nao, angalau kwa kipimo hicho hicho. Shimo lako na zege la chini na kokoto litafika kama mita 1.8. Kama msingi wako umeshuka mita 1, basi pasipungue sentimita 80 kati ya ukuta wa nyumba na ukingo wa shimo, na mimi ningeweka mita 1.2. Michoro ya nyumba itakuambia msingi umeshuka kiasi gani, lakini mwambie fundi afukue sehemu moja athibitishe, maana kuna mafundi walioona mita 1 kwenye karatasi wakachimba futi mbili. Kina kirefu kikae upande ulio mbali na pembe ya nyumba.

Karo lipo ubavu gani, kulia au kushoto ukiangalia korongo? Na pampu ungependa ikae wapi?

---

BibiMadale:

Karo ni kulia. Pampu nilitaka kushoto, nyuma ya jiko, chumba changu cha kulala kipo upande wa pili, nisisikie kelele.

---

NondoNaZege:

Jiko lipo kushoto basi, vizuri. Shimo la kunyonya maji ya chujio nalo liende kushoto, kwenye ubavu wa maegesho, lisikutane na karo. Lisishuke kuelekea korongoni, huko mstari umeshapita. Gari lipite pembeni yake, lisipite juu.

Umeme wa pampu afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na kwenye saketi hiyo kiwepo kifaa cha milliamp 30 kinachokata umeme ukivuja. Taa za ndani ya maji, kama wajukuu watazidai, ziwe za volti 12. Andika yote mawili kwenye maelezo ya mchoro kabla hujapakia TAUSI.

Kisima kipo wapi? Hukukitaja kwenye vipimo.

---

BibiMadale:

Kisima kipo mbele, karibu na geti. Kutoka hapo mpaka maegesho ni hatua nyingi, kesho nitapima kwa futi. Mpimaji anakuja Alhamisi, nimemwambia aje na vigingi vyake na asije na fundi wangu wa ukuta.